Mkono nao ni mtaji, usisubiri ugome

Wafanyabiashara wenzangu, leo siongelei faida wala mkopo. Naongelea mkono.

Mwaka jana mkono wangu wa kulia ulianza kufa ganzi usiku. Naamka saa nane, naukung'uta, unarudi, nalala. Nikajua nimeulalia vibaya. Nikawa nameza dawa za maumivu, asubuhi nafungua duka kama kawaida: kupima sukari na mchele, kufunga vifuko, kubeba kreti za soda, na mteja akitaka kutoa hela niko kwenye simu. Siku moja trei ya mayai ikaniponyoka mbele ya mteja. Mayai 30, yote chini. Hapo ndo nikaenda hospitali.

Daktari akanieleza: kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba, anapita mshipa wa fahamu pamoja na kano za vidole. Ukikunjakunja kifundo kutwa nzima na kushika vitu kwa nguvu, kano zinaweza kuvimba, mshipa ukabanwa. Ganzi inashika gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Kidole cha mwisho kinabaki salama. Ukichelewa sana, nyama ya chini ya gumba inakonda, na nguvu inaweza isirudi yote.

Maoni yangu ni haya: tunakosea kuita hii "uchovu wa kazi". Friji ikigoma, fundi anaitwa siku hiyohiyo. Mkono unalalamika miezi sita tunaupaka dawa ya kuchua. Friji utanunua nyingine. Mkono je?

Mimi nimebadilisha hivi:
- Usiku navaa kifaa cha kunyoosha kifundo, nilichopewa hospitali.
- Sipimi gunia zima kwa mkupuo. Napima kidogo, napumzika, nabadilisha mkono.
- Kreti nabeba moja, kwa mikono miwili.
- Jioni kuna kijana ananisaidia, namlipa.

Hiyo ya mwisho inauma, sitadanganya. Faida imepungua. Ila mshipa ukibanwa sana ni upasuaji, na duka utamwachia nani?

Mama mjamzito na mwenye kisukari, nyie muwe makini zaidi, hili tatizo linawapata kirahisi.

Wewe unayesoma hapa huku unakung'uta vidole, funga duka nusu siku kesho ukapimwe. Wateja watarudi.