Mita 1,470 za nini?

KANDO YA ZIWA
Na Mwana wa Magara

Jumamosi pale mwaloni Magara nilimkuta mtu mzima akiwafundisha vijana kuzidisha. Ameshika kalamu, karatasi iko juu ya meza ya chai: ndagala wa usiku mmoja mwema, mara usiku wa giza ishirini na mbili, mara miezi kumi na miwili. Jibu lilipotoka akalizungushia duara. Kwa hesabu ile, akasema, chombo kipya cha kuvulia, kile tunachokiita apollo, na injini yake, nyavu na taa, vyote vitakuwa vimejilipa kabla ya mwaka kwisha.

Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo mpaka sasa ninapoandika.

Kijana mmoja alithubutu. "Mzee, na samaki wakipungua?"

"Ziwa hili lina kina cha mita 1,470," akajibiwa. "Utawamaliza wewe?"

Wenzake wakacheka. Yule kijana akanyamaza, na mimi nikaona swali pekee la maana lililoulizwa asubuhi ile likizikwa kwa tarakimu ya darasani. Tarakimu yenyewe ni kweli. Tanganyika ni ziwa la pili duniani kwa kina, baada ya Baikal la Urusi. Lakini ile 1,470 iko mbali huko kusini, na hata huko samaki hawakai chini. Huku kaskazini kwetu, ukishuka kama mita 100 hivi hewa ya oksijeni inakwisha. Chini ya hapo ni maji matupu, meusi, yasiyo na ndagala wala mukeke wala sangala. Riziki yetu yote inaogelea katika tabaka la juu, na katika ziwa lote Burundi ina asilimia 8 tu. Anayewaahidi watoto wa watu samaki wa mita 1,470 anawauzia giza.

Nikamwambia hivyo. Akaniuliza: "Wewe mwandishi, wavu ulitupa lini?"

Hilo ndilo jibu la kila mwalo kuanzia Kabezi hadi Nyanza-Lac, na limenichosha. Walioutupa wavu zamani wanajua. Waulizeni wazee kuhusu meli za Wagiriki, zilizoanza kuvua kutoka Bujumbura miaka ya 1950 kwa nyavu kubwa za kuzungushia. Nao waliona maji mengi wakadhani samaki ni wengi vilevile. Kufikia miaka ya 1990 biashara ile ilikuwa imeporomoka. Mwaka 2003 watafiti walichapisha katika jarida la Nature kwamba ziwa limepata joto, na maji ya juu yenye joto hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba. Upepo wa kusi unapovuma hauyakorogi kama zamani. Walikadiria kwamba chakula kinachoota majini kimepungua kwa asilimia 20 hivi, na mavuno ya samaki huenda kwa asilimia 30. Hayo ni ya zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Tangu hapo tumeongeza taa, tumeongeza mitumbwi, na kuna wanaovuta kokoro ufukweni na kukomba vifaranga kwa chandarua.

Halafu kuna ile miezi kumi na miwili. Mwaka wa namna hiyo haupo tena kwa mvuvi. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, na huku kwetu pia miezi mitatu ya kupumzisha ziwa tumeionja. Mtu anayeishi mwaloni anaiona mitumbwi imepandishwa mchangani, kisha anaandika kumi na mbili! Mimi nasema anajua anachofanya.

Akaleta hoja ya mwisho: si mnaona maji yanapanda, yamemeza nyumba Rumonge na Gatumba? Ziwa linakua! Naam, maji yamepanda, na familia zimehama. Lakini mvua ile ile inashusha vilima vyetu. Machi 2015 mlima uliporomoka Gitaza, hapa hapa Muhuta, ukaua watu na kuikata barabara ya Rumonge. Udongo wa namna hiyo unaishia ziwani, unafunika mawe na mchanga wa kandokando ambako samaki wengi hutaga. Maji kuongezeka si samaki kuongezeka.

Kulikuza ziwa hili kupita lilivyo ni ugonjwa wa zamani. Mwaka 1858 Burton na Speke walifika hapa Burton akitamani Rusizi uwe unatoka ziwani kwenda Nili. Wenyeji wa kaskazini wakawaambia mto unaingia. Hata hivyo watu Ulaya waliendelea kubishana, mpaka mwishoni mwa 1871 Livingstone na Stanley walipopanda mtumbwi kutoka Ujiji wakauona mto wenyewe ukimwaga maji ndani. Jiwe la Mugere, ambalo waongozaji wa wageni hulipamba kwa mkutano wa wawili hao uliofanyika Ujiji, ni ukumbusho wa safari hiyo. Miaka 13, kwa jambo ambalo wenyeji walikwisha kulisema!

Nirudi kwa yule kijana aliyeuliza. Baba yake amekufa, mama yake anakamua mawese, na wana shamba moja la michikichi. Baada ya chai aliniambia shamba hilo ndilo litawekwa rehani ya mkopo wa apollo. Nilimsihi asitie saini. Alisema wenzake watamwona mwoga.

Sasa nasema na ninyi mnaokopesha. Michikichi mnaijua, mnaweza kuitembelea na kuihesabu mti kwa mti. Kabla hamjaichukua kwa karatasi yenye usiku mmoja uliozidishwa, daini hesabu ya miezi kumi na miwili iliyopita kwenye mwalo huohuo, usiku mbovu na miezi ya kufunga ikiwemo. Mkiona hesabu hiyo haipo na bado mkatoa fedha, basi hamkopeshi uvuvi. Mnanunua shamba la mjane kwa bei ya nyavu, na mwaka ujao nitawauliza hadharani limekwenda kwa nani.