Mazungumzo ya Nyumbani: Raha za Mji wa Ukungu



Mwezi huu tumeona vema kuzungumza habari za San Francisco, mji ulioko magharibi ya Marekani, katika pwani ya bahari kuu ya Pasifiki. Jamaa yetu ilikaa mjini humo miaka kadhaa, na tangu turudi watu wengi hutuuliza habari zake. Huuliza habari za daraja kubwa, na majumba marefu, na mishahara. Wala hakuna hata mmoja aliyetuuliza habari za ukungu. Nasi tukifumba macho na kuukumbuka mji ule, kitu cha kwanza tukionacho si daraja bali ni ukungu, maana mara nyingi hilo daraja lenyewe halikuonekana.

Sisi tu watu wa pwani ya Bahari ya Hindi. Kwetu bahari ni jua, na ukungu ni mambo ya watu wa milimani. Tulifika San Francisco mwezi wa Julai, na kwa kuwa tulijua kwamba Julai huko ni kiangazi, tulikuwa tumejaza masanduku yetu nguo nyepesi. Siku ya pili tukaenda ufukoni kwenye bahari kuu, watoto wamevaa kaptura na magauni ya pamba. Hatukukaa hata robo saa. Upepo ulivuma kutoka majini, na pamoja na upepo ukaja ukuta mweupe, si mvua wala si moshi, ukatufunika hata tusiyaone mawimbi tuliyokuwa tukiyasikia karibu nasi. Tulirudi nyumbani tukitetemeka. Kesho yake tukashuka gatini kununua masweta kwa bei isiyo na huruma, na tukaona kwamba duka lile lilijaa wageni wenye meno ya kugongana kama sisi. Kumbe wenye maduka hayo hujipatia riziki kila kiangazi kwa ujinga wa wasafiri.

Wiki zile za kwanza zilikuwa nzito. Nyumba tuliyopanga ilikuwa upande wa magharibi wa mji, katika mtaa uitwao Sunset, na maana ya jina hilo ni machweo. Nasi tulisema kwa uchungu kwamba aliyeuita hivyo hakulala humo hata usiku mmoja, maana siku nyingi za Julai na Agosti hatukuliona jua likichomoza wala likichwa. Nguo zilizoanikwa hazikukauka. Siku moja mmoja wetu, mtu mzima, alilia machozi kwa ajili ya taulo tu, lililokuwa limekaa siku 3 juu ya kamba nalo lingali bichi. Katika sala za jioni tuliomba tuhamishwe, tukaomba mara nyingi, na hatukuhamishwa.

Walimu watapenda kujua sababu ya ukungu huo. Maji ya bahari karibu na pwani ile ni baridi sana, kwa kuwa upepo wa kaskazini magharibi huyasukuma maji ya juu yaende mbali na nchi kavu, na maji ya vilindini hupanda kushika mahali pake. Hewa yenye unyevu ipitapo juu ya maji hayo hupoa, na mvuke wake hugeuka matone madogo mno, mepesi hata hayaanguki. Wakati uo huo bonde kubwa la bara, mwendo wa kilometa 100 hivi kutoka pwani, huungua kwa jua hata joto lafika digrii 38 au 40. Hewa ya moto ya bondeni hupanda juu, na hewa ya baharini huvutwa kuingia. Vilima vya pwani huizuia, walakini upo mwanya mmoja, nao ni mlango wa bahari uitwao Golden Gate. Hapo ukungu huingia jioni kama ng'ombe waingiavyo zizini, wakisukumana. Kwa hiyo bara likizidi kuungua, mji huzidi kupoa. Na miezi ya joto mjini humo ni Septemba na Oktoba, wakati upepo huo umelegea.

Tena mji una vilima vingi, na ukungu hauwatendei watu wote sawasawa. Mtaa mmoja una jua, na mtaa wa pili, ng'ambo ya kilima, watu wamefunga vifungo hata shingoni. Hapa ndipo tulipoanza kucheka. Treni ya umeme iendayo mtaani kwetu hupita chini ya kilima katika shimo lililofunguliwa mwaka 1928. Saa ya watu kurudi kutoka kazini, treni huingia shimoni upande wa mashariki ikiwa katika jua, abiria wameshika makoti mikononi. Ndani ya shimo, kabla nuru haijaonekana, bila mtu kusema neno, wote huanza kuvaa: wazee, wanafunzi, makarani, kila mtu mkono wake ukitafuta tundu la koti. Treni hutokea upande wa pili katika weupe. Mwaka wa kwanza tuliwatazama. Mwaka wa pili tukajikuta sisi nasi tumevaa kabla ya kutoka, na mgeni aliyeketi karibu nasi akitushangaa. Na siku ile, tusiseme uongo, tulijiona wenyeji.

Raha nyingine ilikuwa mkate. Mji ule una mkate wenye ladha ya uchachu, ganda lake gumu na ndani yake laini, na asili yake ni siku za wachimba dhahabu. Duka la Boudin lilianza kuuoka mwaka 1849, nao huhifadhi chachu kwa kubakiza kipande cha unga uliokandwa jana ili kuchachusha wa leo. Wenyeji hupenda kusema kwamba ukungu ndio utiao ladha. Sisi hatukusadiki sana, na wataalamu wamekwisha kuonyesha kwamba kazi hiyo ni ya bakteria mmoja, waliyempa jina la mji huo mwaka 1971, naye huonekana katika chachu za nchi nyingine pia. Lakini jambo moja ni kweli: mkate wa moto haupendezi popote kama pale ambapo mikono yako ni baridi. Siku za Jumamosi tulikwenda kwa mwokaji wa mtaani, tukaupakata mkate kifuani chini ya koti kama mtoto mchanga, na mara nyingi ulifika nyumbani umepungua pembe moja. Hatukuuliza ni nani aliyekula.

Jirani yetu wa mkono wa kuume alikuwa bibi wa Kichina, mjane, na maneno ya Kiingereza aliyoyajua yalikuwa machache kuliko yetu. Huyu ndiye aliyeziona nguo zetu kambani. Alikuja mlangoni, akatuonyesha kwa mkono kwamba kuanika nje ni kazi bure, akatupeleka kwake kutuonyesha kamba zake alizozifunga ndani, karibu na jiko. Siku ya tatu akaleta bakuli la uji. Sisi uji twaujua kuwa wa asubuhi, wenye sukari. Uji huu ulikuwa wa mchele uliopikwa muda mrefu hata punje zikavunjika, nao una chumvi, na tangawizi, na majani ya vitunguu, na vipande vya samaki. Watoto walikunja nyuso, kisha wakaonja, kisha bakuli likarudi limefutwa. Tulimpelekea sambusa. Tangu hapo, kila ukungu ulipokuwa mzito sana, bakuli moja lilivuka uani kwenda na bakuli moja likavuka kurudi, na katika miaka ile yote hatukupata kusemezana naye zaidi ya maneno 20. Jua likiwaka watu hutoka kila mmoja kwenda zake; ukungu ulitufungia mahali pamoja.

Yatupasa kusema pia habari za sauti. Usiku, upepo ukitulia, tulisikia kitandani baragumu za daraja. Daraja la Golden Gate lilifunguliwa mwaka 1937, na tangu mwaka ule lina baragumu za ukungu, nyingine katikati na nyingine kwenye nguzo ya kusini. Hizi na zile zina sauti mbalimbali na vituo mbalimbali, ili nahodha asiyeona kitu ajue kwa masikio yake mahali pa kupita. Hata rangi ya daraja, ile nyekundu yenye kuelekea machungwa, ilichaguliwa pamoja na mambo mengine kwa kuwa huonekana vema ukunguni. Watoto waliogopa baragumu mwanzoni, wakadhani ni mnyama. Baadaye walikuwa wakihesabu milio, na hatujui kama kuna aliyefika 50 kabla ya kulala.

Lakini baragumu hizo si mchezo. Tarehe 22 Februari 1901, kabla ya mapambazuko, meli iitwayo City of Rio de Janeiro, iliyotoka Asia na watu 210 hivi, iliingia mlango ule katika ukungu, ikapiga mwamba, ikazama kwa dakika chache karibu kabisa na nchi kavu. Watu zaidi ya 120 walikufa, wengi wao wakiwa Wachina na Wajapani waliokuja kutafuta maisha. Baadhi ya waliookoka waliokotwa na wavuvi wa Kiitalia waliokuwa majini na mashua zao. Siku tuliposoma habari hiyo tuliwaambia watoto, na usiku ule tuliposikia baragumu tukawaombea walioko baharini. Tukaendelea hivyo kila usiku wa ukungu.

Tena iko bustani kubwa, Golden Gate Park, hekta 400 na zaidi, nayo zamani ilikuwa mchanga mtupu uliopeperushwa na upepo. Kazi ilianza baada ya mwaka 1870, na Mskoti mmoja, John McLaren, aliisimamia tangu mwaka 1887 hata kufa kwake mwaka 1943, naye ana miaka 96. Miezi ya kiangazi mvua hainyeshi, lakini pitia chini ya mikaratusi siku ya ukungu nawe utalowa kichwa, maana majani huyakamata yale matone madogo, yakakusanyika, yakadondoka. Na harufu yake katika unyevu ule husafisha pua. Ndani ya bustani imo nyumba ya vioo ya mwaka 1879, wanamotunza mimea ya nchi za joto. Sisi tulipoingia mara ya kwanza, tukapokewa na ile hewa ya moto yenye harufu ya udongo na majani, hakuna aliyesema kitu kwa muda. Tulisimama tu, masweta mikononi. Kwa kweli tulikuwa tumekwenda nyumbani kwa dakika 10. Tulipotoka, ukungu ukatupiga usoni, na kwa mara ya kwanza haukutuchukiza.

Mtoto mmoja, alipofundishwa katika shule ya Jumapili habari za wana wa Israeli na wingu lililowatangulia jangwani, aliuliza kama wingu lile lilikuwa baridi. Mwalimu wake alishindwa kujibu, nasi pia.

Tusiseme raha tupu. Ukungu ni mtamu kwa mwenye paa. Kodi za nyumba katika mji ule ni ghali mno, na maelfu ya watu hulala nje, katika mahema na vizingiti vya maduka. Blanketi lililolowa si raha. Wako Wakristo wapelekao supu na soksi kavu usiku, nasi tulikwenda nao mara kadhaa, si mara nyingi kama ilivyotupasa. Mzee mmoja tuliyempa soksi alitushukuru, kisha akatuuliza kama twasikia baragumu. Akasema yeye huzihesabu apate usingizi. Tulirudi nyumbani bila maneno mengi.

Na huo ukungu wenyewe wapungua. Mwaka 2010 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha California, Johnstone na Dawson, walitangaza kwamba ukungu wa kiangazi katika pwani ile umepungua kadiri ya theluthi moja tangu mwanzo wa karne ya 20. Hili si jambo dogo. Kaskazini ya mji iko misitu ya miti mikubwa iitwayo redwood, na mti mrefu kuliko yote ijulikanayo duniani, wenye mita 115 na zaidi, ni wa jamii hiyo. Kiangazi miti hiyo hunywa ukungu. Stroberi na saladi za mabonde ya pwani nazo hutaka baridi yake. Sisi tuliokuwa tukiomba tuuondokee, tuliposikia hayo tuliingiwa na aibu, kana kwamba tumemsengenya mwenye nyumba.

Mwaka wetu wa mwisho tulialikwa arusini katika lile bonde la bara, mwezi wa Agosti. Palikuwa na jua kama la kwetu, na zaidi. Tulikula, tukaimba, tukafurahi na wenyeji wetu, na usiku hatukupata usingizi kwa joto. Kesho yake jioni tulirudi kwa gari, wote tumechoka na nguo zimetushika mgongoni. Tulipopanda kilima cha mwisho upande wa kaskazini, tukaviona vilele viwili vya nguzo za daraja vikitokeza juu ya ukungu, na mji wote umefunikwa. Watoto waliokuwa wakigombana wakanyamaza. Ndipo yule mmoja wetu aliyelilia taulo akafungua dirisha, akatoa mkono nje.