Zebaki ya Dandora na tope la Sabaki: imepimwa vipi?

Kila nikienda Nairobi hufikia kwa shangazi yangu Majengo, Pumwani, na kutoka pale hadi Dandora si mwendo mrefu wa matatu. Moshi wa jaa hukupokea kabla hujaliona jaa lenyewe. Sisi wa pwani huliona hilo kuwa balaa la watu wa Eastlands. Lakini jaa limekaa kando ya Mto Nairobi, na mto huo humwaga maji yake Athi, ambao huteremka ukaitwa Galana, kisha Sabaki, ukaingia baharini hapo kaskazini ya Malindi.

Mwaka 2007, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilitoa ripoti kuhusu jaa hilo. Watoto 328 walipimwa, na nusu yao walikuwa na risasi nyingi mno katika damu. Udongo wa jaani ulikutwa na zebaki sehemu 46.7 kwa kila milioni, na ule wa ukingo wa mto 18.6, ilhali kiwango kilichotajwa kuwa kinakubalika ni 2.

Takwimu hizo zinatisha, na zina haki ya kutisha. Ila zinahesabu zebaki kwa jumla, na zebaki si moja. Ile inayoogopwa zaidi ni zebaki ya methili, ambayo vijidudu huitengeneza ndani ya tope lisilo na hewa, mfano wa tope la mikokoni. Hiyo ndiyo hupanda kutoka kwa dagaa hadi kwa papa, na kutoka kwa mama hadi kwa mtoto aliye tumboni. Ndiyo iliyowaangamiza watu wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956.

Maabara hupima zebaki ya jumla kwa kuyeyusha tope katika asidi kali, kisha huigeuza zebaki kuwa mvuke na kuangalia mvuke huo umemeza mwanga kiasi gani. Kipimo hiki si cha ajabu. Cha methili ndicho kigumu: huwezi kutumia asidi kali ukaivunja ile unayoitafuta. Lazima itolewe kwa upole, itenganishwe, ndipo ihesabiwe, na kwa kawaida katika tope ni sehemu ndogo sana ya zebaki yote. Mtaalamu akikausha tope kwenye joko lenye moto mkali, sehemu ya zebaki hupaa (kama inavyopaa na moshi wa Dandora), na karatasi itasoma salama.

Kwa hiyo ripoti ikisema tope "halina tatizo", mimi sishangilii. Nauliza lilihifadhiwa kwenye baridi? Maabara ilipima pia tope la mfano ambalo kiwango chake kinajulikana, ili ijijaribu yenyewe? Methili ilitafutwa, au ilisahauliwa?

Kenya ilitia saini Mkataba wa Minamata mwaka 2013. NEMA ipo, na watafiti wa bahari wa KMFRI tunao hapa hapa Mombasa. Tope la mdomo wa Sabaki lichotwe kabla ya masika na baada yake, lipimwe zebaki zote mbili, na matokeo yabandikwe bandarini kwa Kiswahili. Wavuvi wa Mambrui watawaonyesha tope hulala wapi.