Karani Apime Habari Kabla ya Kupiga Kura

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu niwaeleze wanachama wenzangu neno moja juu ya uchaguzi. Neno lenyewe ni hili: habari ya uchaguzi yafaa ipimwe kama ipimwavyo barua iletwayo masijala, na sisi makarani tunacho kipimo hicho mikononi mwetu.

Kila mmoja wetu ajua desturi ya ofisi. Barua isiyo na tarehe, wala sahihi, wala namba ya jalada, haifanyiwi kazi hata ikiwa imeandikwa kwa maneno mazuri. Nakala ikitiliwa shaka, hutafutwa barua yenyewe. Mtu akimshitaki mwenziwe, huyo mwenziwe huandikiwa ajibu kabla mkuu hajaamua. Lakini karani huyu huyu akitoka kazini, akipita Msimbazi, akapokea katika simu sauti ya mtu asiyejulikana ikimtukana mgombea fulani, huipeleka kwa watu arobaini kabla hajafika kwake Ilala. Ukimwuliza, atakujibu kwamba lisemwalo lipo. Methali hiyo yafaa kwa maneno ya ujirani. Kwa kura haitoshi, maana yako mengi yasemwayo kwa sababu tu yuko apataye faida yakisemwa.

Jambo hili si geni. Katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, mwaka 1958 na 1959, sheria ya kura tatu ilimtaka kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Karatasi yenye alama kwa mtu mmoja tu ilihesabiwa kuwa imeharibika. TANU yenyewe ilijadili sana Tabora, Januari 1958, kabla ya kukubali kushiriki. Basi fikirini hasara ya mtu ambaye angeambiwa barazani ampigie ndugu yake peke yake: angekwenda kituoni kwa moyo safi, akarudi hana kura. Watumishi wa serikali walikuwa wamekatazwa na wakoloni tangu 1953 kuwa wanachama wa vyama vya siasa, lakini kujua kusoma sheria hawakukatazwa.

Tazameni pia uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024. Ulisimamiwa na TAMISEMI, wala si Tume ya Uchaguzi, na ulikuwa na orodha yake, iliyoandikishwa mitaani tangu Oktoba 11 hata 20. Aliyedhani kadi yake ya mpiga kura yamtosha, asijiandikishe, jina lake halikuwamo. Huyo hakunyimwa haki yake na mgombea yeyote. Alikosa habari ya mstari mmoja.

Wapo watakaosema: Gazeti hili ni la wakubwa, redio ile ni ya chama, tumwamini nani asiye na upande? Nami nakubali kwamba asiye na upande ni nadra. Lakini ofisini hatumtafuti mtu asiye na upande. Twatafuta maneno ya pande zote mbili katika jalada moja. Aprili 2025 Tume ilisema CHADEMA haitashiriki uchaguzi kwa kuwa haikutia sahihi kanuni za maadili. Chama hicho nacho kilisema kwamba kilitaka sheria za uchaguzi zirekebishwe kwanza. Mwenye kusikia upande mmoja tu alipata nusu ya jalada, na nusu ya jalada haimtoshi mtu kuamua.

Tena asingoje siku ya mwisho. Oktoba 29, 2025, siku ya kura, intaneti ilikatwa nchini, machafuko yakazuka, na hapa Dar es Salaam watu wakaamriwa kutotoka nje usiku. Watu walikufa, na idadi yao ikatajwa na kila mtu kwa namna yake. Aliyeweka elimu yake yote katika simu aliamka siku hiyo hana kitu isipokuwa uvumi wa dirishani.

Basi tuanzie wapi? Tuombe ilani ya chama yenyewe, si maneno yasemwayo juu ya ilani. Tusome Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge. Wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa sababu ya kodi Mei 2023, na tena Juni 2024. Mbunge akija kusema kwamba aliwatetea, na atazamwe humo kama alisimama, na alisema nini. Tusome ripoti ya Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali, itolewayo kila mwaka. Mtu wa leja hawezi kuziogopa safu za tarakimu, na humo ataona fedha za halmashauri yake zilivyotumika.

Kuna sababu kubwa ya kufanya hivi mapema. Ibara ya 41 ya Katiba yasema kwamba Tume ikiisha kumtangaza Rais, hakuna mahakama iwezayo kuuchunguza uchaguzi wake. Mpiga kura hana rufani baadaye. Uchunguzi wake ni ule aufanyao kabla.

Mwisho, ndugu zangu, tukumbuke kwamba majirani hutuuliza. Mama wa genge na kijana wa mkokoteni husema, Mwulize karani, yeye amesoma. Tukiwapa uvumi, wataupokea kama waraka wenye muhuri. Kwa hiyo tusiwaambie nani wa kumchagua, maana hiyo si kazi yetu. Tuwaambie lililoandikwa, na mahali lilipoandikwa, kisha tuwaachie kura yao.

Mimi mwanachama wenu,
Karani, Kariakoo