Maumivu Yasiyoonekana Si Uvivu

Mfanyakazi akivunjika mguu, hakuna anayemwuliza kwa nini hakufika kazini. Plasta nyeupe humsemea. Lakini yuko mgonjwa mwingine asiye na plasta, uvimbe wala homa. Picha ya eksirei haionyeshi kasoro, na vipimo vya damu ni safi. Huyo huambiwa anategea kazi.

Ugonjwa wake unaitwa fibromialjia. Humletea maumivu ya mwili mzima yanayodumu miezi na miaka, uchovu usioondoka kwa kulala, na usahaulifu. Viungo vyake havikulika. Ni mfumo wa fahamu unaoyakuza maumivu kupita kiasi. Inakadiriwa kwamba watu 2 hadi 4 katika kila 100 wanaugua, wengi wao wanawake.

Swali la wagonjwa ni moja: mwisho wake nini? Hatuna budi kusema kweli yote. Dawa ya kuung'oa ugonjwa huu haijapatikana, na wengi huishi nao miaka mingi, leo nafuu, kesho makali. Lakini ni kweli pia kwamba hauharibu viungo, wala wenyewe hauui, na wako wanaopata nafuu kubwa.

Nafuu hiyo haiji kwa bahati. Mwaka 1990 Chuo cha Madaktari wa Baridi Yabisi cha Marekani kiliweka kipimo cha kubonyeza sehemu 18 za mwili. Zikiuma 11, ugonjwa umetambuliwa. Mwaka 2010 vikatolewa vigezo vipya visivyotegemea kubonyeza, bali kumsikiliza mgonjwa kuhusu maumivu, usingizi, uchovu na kumbukumbu zake. Nao wataalamu wa Ulaya, katika mapendekezo ya mwaka 2016, hawakuipa tiba yoyote uzito kuliko mazoezi ya mwili.

Mazoezi hayo huanza kidogo kidogo, na mwanzoni huuma. Nani atayavumilia ikiwa daktari, mume na msimamizi wa kazi wote wanamwona mwongo? Ndiyo maana tunasema kwamba kumwamini mgonjwa si hisani. Ni sehemu ya matibabu yake. Daktari amweleze ugonjwa wake kwa jina. Msimamizi ampangie kazi anayoiweza, badala ya kumfukuza. Jamaa wamsindikize katika matembezi yake ya jioni.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayemwita mgonjwa huyu mvivu hamrudishi kazini. Anamwongezea miaka ya kuugua.