Chuku Haiuzi Gari

"Chuma cha moto! Carina namba C, haina longolongo, AC ya barafu, injini kimya utadhani haijawashwa. Weka mafuta uondoke. Bei ya kutupa, piga simu."

Wapenzi wa lugha, maneno hayo yalisambaa mtandaoni yakiwa na namba yangu ya simu. Aliyeyaandika ni mjukuu wangu. Aliyeyaruhusu ni mimi, mwalimu wa Kiswahili mstaafu, niliyekaa darasani zaidi ya miaka thelathini nikisahihisha insha za watoto wa watu. Niliposomewa nilicheka, nikasema hiyo ndiyo lugha ya soko la siku hizi, kijana aachwe afanye kazi yake.

Siku ya nne alikuja mtu kutoka Kahama. Alishuka hapa Bukene amejaa vumbi, fedha zake za miaka mitatu zikiwa benki zikisubiri neno lake. Alikuwa na nia ya kufanya teksi. Tukawasha gari. AC ilitoa hewa ya moto. Gia ya pili ikachelewa kuingia, kama inavyochelewa kila asubuhi. Yule kijana akazima injini, akanitazama, akasema kwa upole: "Mwalimu, mimi ulinifundisha kidato cha pili. Tangazo hili uliliandika wewe?"

Sikuwa na jibu. Nilimpa nauli ya kurudia, akaikataa kwa adabu, na adabu ile iliniuma kuliko tusi.

Ndiyo sababu ninaandika leo, na ninaandika kwa kugombana. Ninagombana na makundi mawili, yote mawili yamo humu.

Kundi la kwanza ni la walinzi wa usafi wa Kiswahili. Hawa wakiona tangazo la gari hulia kwamba lugha inakufa, kwa kuwa muuzaji ameandika "giaboksi", "rejeta" na "shokapu". Ndugu zangu, hapo si penye ugonjwa. Neno "shokapu" halikutungwa na kamati; limetoka kwa mafundi waliolala chini ya magari, likavaa irabu zake, likaingia katika ngeli, likakaa. Mtu akiniambia shokapu za mbele zimekwisha, nimemwelewa, naye amenitendea haki. Wala sitagombana na anayeandika "gari hii" mahali pa "gari hili". Kosa la upatanisho wa kisarufi halijampotezea mtu nauli ya kutoka Kahama. Lililompotezea ni neno "barafu", nalo limo katika kamusi zote mnazozitetea.

Kundi la pili ni la washairi wanaosema kwamba tangazo la biashara si utungo, ni kelele za sokoni, halimhusu mtu wa fani. Hawa ndio ninaowalaumu zaidi, kwa sababu silaha iliyotumika katika tangazo lile imetoka katika ghala lao. Tuliwafundisha wanafunzi tamathali za semi: tashibiha, sitiari, chuku. Tukawapa alama kwa kuzitumia. Hatukuwaambia kwa mkazo unaostahili kwamba chuku ni pambo pale tu ambapo msikilizaji anajua kuwa anapambiwa. Mshairi akisema machozi yake yamefurika mto, hakuna anayekimbilia mtumbwi. Muuzaji akisema AC ni ya barafu, kuna mtu anapanda basi. Maneno ni yale yale. Kilichobadilika ni kwamba huyu wa pili ameyaamini na ameyalipia.

Najua mtanijibu kwa methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ninaiheshimu methali hiyo, lakini imezaliwa katika soko la macho na mikono. Mnunuzi alibonyeza embe, alivuta nguo, alimfungua ng'ombe kinywa akahesabu meno. Gari lililo Bukene haliwezi kujiuza kwa mtu aliye Mwanza anayetazama kioo cha simu. Hawezi kuligusa wala kulisikia. Alicho nacho ni picha na maneno yako. Maneno yakiwa matupu, unamuuzia mbuzi kwenye gunia, hata kama mbuzi wako ni mzima.

Na sisi watu wa huku ndio hasa tusiostahili kusahau jambo hili. Nchi hii ilipitiwa na misafara kati ya Unyanyembe na pwani ya Bagamoyo, na mizigo ile ilibebwa na wapagazi wa Kinyamwezi. Biashara ya umbali ule isingewezekana bila maneno yenye kipimo. Nguo haikuitwa "nguo kali". Iliitwa merikani, ile ya pamba iliyotoka Marekani, au kaniki, ile ya rangi ya nili iliyotoka India. Shuka ilikuwa mikono minne, doti mikono minane. Pembe zilipimwa kwa frasila, karibu kilo 16. Aliyetoa mikono sita akaiita doti hakusifiwa kwa kutia chuku, alikuwa amepunja. Hadi leo wafanyabiashara wa mpunga hapa kwetu huchukuliana mali kauli: magunia yanaondoka, fedha itafuata, dhamana ni neno. Watu wa mali kauli leo tunaandika "bei ya kutupa". Imetupwa na nani, kutoka wapi, na ni shilingi ngapi?

Hebu tulichambue tangazo la mjukuu wangu kama tulivyochambua sentensi ubaoni. Lina vivumishi na mafumbo tele, lakini tarakimu haina hata moja. "Chuma cha moto" ni sitiari isiyosema kitu. "Haina longolongo" ni ukanushaji wa jambo ambalo halikutajwa.

"Namba C" inafanana na taarifa, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Herufi zile kwenye kibao hufuata mfululizo wa magari kuandikishwa hapa nchini. Zinakueleza gari liliandikishwa Tanzania lini kwa kukadiria, hazikuelezi lilitoka kiwandani lini. Carina langu lilitengenezwa mwaka 1999, likaandikishwa hapa mwaka 2012. Kati ya tarehe hizo mbili kuna miaka kumi na mitatu ambayo neno "namba C" limeifunika kwa kanga. Hivyo hivyo kwa "namba D" mnayoisikia kila siku ikitajwa kwa majivuno.

Kuhusu "bei maelewano" na ndugu yake "bei piga simu", mimi naona ni kukimbia swali. Anayeficha bei anataka kwanza asikie sauti ya mnunuzi, apime haraka yake na unyonge wake, ndipo amtajie. Nilipigiwa simu nyingi mno katika siku zile nne, na karibu zote ziliuliza maswali yale yale: la mwaka gani, limetembea kilomita ngapi, liko wapi, kadi ina jina la nani, bei gani. Tangazo linaloacha maswali hayo halijaandikwa bado.

Nikaamua kuliandika upya mwenyewe. Nitakiri kwenu, kwa kuwa ninyi ni washairi: nilianza kwa shairi. Mshororo wa kwanza ukaja wenyewe: *Gari langu ni imara, halina hata kasoro.* Mizani nane kwa nane, vina vimetulia, na uongo mara mbili katika mstari mmoja. "Imara" haikuletwa na hali ya gari, ililetwa na kina. Nikaufuta. Nikaandika kwa nathari:

"Ninauza Toyota Carina Ti. Limetengenezwa mwaka 1999, limeandikishwa Tanzania mwaka 2012. Injini ni ya petroli, cc 1,500, gia otomatiki. Dashibodi inasoma kilomita 214,000. Mimi ni mmiliki wa kwanza hapa nchini na kadi ina jina langu. Halidaiwi faini ya barabarani. Tairi zote nne nilinunua mwaka jana, betri ina miezi minane. Kasoro: AC haitoi baridi, fundi anasema kompresa imekufa. Gia ya pili huchelewa kuingia asubuhi, kabla injini haijapata moto. Mlango wa nyuma kushoto una mkwaruzo, tazama picha ya sita. Ninauza kwa sababu macho yangu hayaniruhusu tena kuendesha usiku. Bei ni shilingi 5,800,000, na kuna punguzo dogo kwa atakayekuja kuliona. Gari lipo Bukene, wilaya ya Nzega. Njoo mchana, njoo na fundi wako."

Picha nazo tulizipiga upya, mchana, gari likiwa limeoshwa lakini halijapakwa mafuta: mbele, nyuma, ubavu huu na ule, viti, mlango wenye mkwaruzo, injini, dashibodi ikionyesha kilomita. Kadi ya gari hatukuipiga picha. Hiyo huonyeshwa ana kwa ana.

Mjukuu wangu alisikitika. "Babu, ukiandika kasoro nani atanunua?" Hilo ni pingamizi la haki, nami nitalijibu kwa haki. Simu zilipungua sana. Lakini waliopiga walikuwa wanajua wanachokitaka, na maswali yao yalikuwa ya mtu anayenunua. Dalali mmoja alikuwa ameniahidi 4,500,000 bila hata kufungua boneti. Baada ya majuma mawili alikuja mama mmoja mwenye duka, ameandamana na fundi. Fundi alikagua kompresa, akasikiliza gia, akamwambia: "Ni kama alivyoandika." Kutoka hapo hawakuniuliza tena swali la mtego. Tulikubaliana 5,200,000, tukaandikiana mkataba, malipo yakafanyika benki.

Msinidanganye, wala sitawadanganya: nilishuka shilingi 600,000 kutoka bei niliyoitaja, na sehemu kubwa ya pengo hilo ni ile kompresa na ile gia. Lakini hasara ile haikuletwa na ukweli. Ililetwa na kompresa. Ningeificha, hasara ingebaki pale pale, ila ingehamia mfukoni mwa mwingine, nami ningeita uhamisho huo ufundi wa lugha.

Kwa anayedhani haya ni mahubiri tu, sheria nayo imo. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Maana yake ni kwamba sentensi unayoirusha mtandaoni ukiwa umejilaza kitandani inaweza kusomwa siku moja mbele ya hakimu, neno kwa neno, bila kuhurumia tamathali zako.

Kwa hiyo ninawaambia walimu wenzangu: tuliifundisha mada ya matangazo kwa kuhesabu sehemu zake, kichwa, kiini na anwani, tukaimaliza kwa kipindi kimoja ili tuwahi ushairi. Tulikosea. Wengi wa wanafunzi wale hawatatunga utenzi maishani mwao. Wote watauza kitu: gunia, cherehani, pikipiki, kiwanja. Lugha yao itapimwa hapo, na mnunuzi hatatoa alama za mtindo.

Nanyi washairi, mnaojua uzito wa neno kuliko sisi sote, mkilikimbia soko mnamwachia nani? Mizani mnayoijua huhesabu silabi. Iko mizani nyingine, ile ya dukani, nayo pia haivumilii nusu.

Kabla ya kututumia shairi lenu lijalo, fanyeni zoezi moja. Chagueni kitu kilichomo nyumbani mwenu, baiskeli au redio, mkiandikie tangazo la sentensi kumi. Pasiwe na "kali", pasiwe na "safi", pasiwe na "nzuri". Kasoro moja itajwe kwa jina lake. Mkishindwa, msiwacheke vijana wa mitandaoni.

Yule kijana wa Kahama nilimtumia tangazo la pili siku ile ile nililoliandika. Alinijibu: "Hili sasa ni lako, mwalimu." Gari hakulinunua; alikuwa amekwisha pata jingine.