Banda la kuku kwenye kiwanja cha nani?

KUTOKA LYAMBA LYA MFIPA
Na Oresta Mwanakulya

Mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri ikitangazwa, vikundi vya akina mama huku kwetu Ilemba huandika mradi ule ule: kuku wa mayai. Siwalaumu. Mahindi tunayo, mashudu ya alizeti hayako mbali, na kuku anayetaga hula gramu 120 hivi kwa siku. Ninachouliza ni banda litajengwa kwenye kiwanja cha nani.

Wajapani waliohamia California waliujua uzito wa swali hilo. Sheria ya jimbo hilo ya mwaka 1913 iliwanyima umiliki wa ardhi ya kilimo wageni wasioruhusiwa kuwa raia, na iliwalenga Wajapani hao. Wazazi wengi wakaandikisha mashamba kwa majina ya watoto waliozaliwa Marekani. Baadhi wakafuga kuku Petaluma, mji uliosifika kama kikapu cha mayai cha dunia.

Ufundi hawakukosa. Miaka ya 1920, watafiti wa Japani, akiwamo Kiyoshi Masui, waliweka wazi namna ya kutofautisha tetea na jogoo siku ya kwanza. Kifaranga anashikwa kiganjani, anaminywa taratibu, anafunuliwa nyuma chini ya taa kali. Kijipele kidogo kuliko punje ya ulezi kikijitokeza, huyo ni jogoo. Muongo uliofuata wafugaji wa Marekani walikuwa wakiwalipa Wajapani kwa kazi hiyo. Na wafugaji hao walikuwa na haki: nani alishe majogoo miezi minne akisubiri mayai?

Halafu ikaja tarehe 19 Februari 1942, Marekani ikiwa vitani na Japani. Rais Roosevelt alitia saini amri, na watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani wakapelekwa makambini, wengi wao raia wa kuzaliwa. Familia nyingi zilipewa kama wiki moja tu kufungasha. Gunia la mahindi unaweza kumwachia jirani hadi utakaporudi. Kuku mia tano wanaotaga je? Wanataka maji asubuhi hiyo hiyo. Waliouza waliuza kwa bei ya kutupa. Wengine wakakabidhi kwa majirani, na vita ilipokwisha si wote waliokuta kitu. Sheria ile ya ardhi ilibatilishwa mwaka 1952. Fidia, dola 20,000 kwa kila aliyekuwa bado hai, ilipitishwa mwaka 1988, wakati wazee wengi wameshazikwa.

Huku kwetu Ilemba hakuna anayepelekwa kambini. Lakini mwanamke aliyeolewa hujenga banda kwenye ardhi ya ukoo wa mume, kwa mkopo wa kikundi chake. Ndoa ikivunjika, anaondoka na masufuria. Mume akifariki, mashemeji wanakuja kuhesabu mabati. Kuku wanauzwa sokoni Jumamosi, deni linabaki kwa kikundi.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi, na hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kubeba majina ya mume na mke. Maofisa wanaokagua vikundi huuliza katiba, akaunti ya benki na idadi ya vifaranga. Waongeze swali la nne: hati ya kiwanja iko wapi, na ina jina la nani? Kama haipo, halmashauri ya kijiji iitwe kwanza, vifaranga waagizwe baadaye.